Mizula, skafu na shali kwa mpigo: namna ya kufuma kazi nyingi bila kuchanganya

Ikifika mwezi wa tano huku kwetu Njombe simu zinaanza. Mtu ambaye tangu Januari anapita tu mlangoni anakusalimia na kwenda zake, leo anakukumbuka, dada mambo, nataka mzula kabla sijaganda, hujakaa sawa mwingine anataka skafu ya mama yake, wa tatu anataka shali ya send-off ya mwezi wa saba yenye matundu matundu kama aliyoiona kwenye picha. Mji wetu uko juu, karibu mita 2,000, mwezi wa sita mpaka wa nane ndo baridi yenyewe, na huko Makete pande za Kitulo unaamka unakuta majani yamekuwa meupe kwa sakitu, sa hapo nani atakusikiliza ukimwambia subiri nimalize ya fulani kwanza. Wote wanataka yao, na wote wameshatoa advansi.

Ushauri wa kawaida ni anza moja, maliza, shika nyingine. Mi sikubaliani nao kabisa. Ukifuma skafu peke yake toka mwanzo mpaka mwisho utaichukia kabla haijafika nusu, ukibeba shali ya matundu kwenye daladala utaiharibu, na ukikaa na sindano za unene mmoja wiki nzima viganja vitaanza kukuuma. Kazi tatu kwa pamoja zinaendana vizuri tu, ilimradi kila moja inataka kitu tofauti toka kwako. Balaa linakuja pale kazi mbili zinapotaka kitu kile kile, macho yale yale ya mchana au sindano zile zile za milimita 4, hapo ndo utajikuta unafumua usiku.

Panga oda kwa tabia zake

Chukua oda zako zote ziandike, afu jiulize kila moja inakula nini: macho, mikono au nafasi.

Skafu ya wazi, yaani isiyo na ua (ule mchoro wa matundu), ile ya kufuma mbele mbele kila mstari inakula mikono tu. Hiyo ni kazi ya maongezi, unafuma ukiwa kwenye kikao cha VICOBA, ukiangalia tamthilia, ukisubiri maharage, hata ukiongea na simu imebanwa begani, haina hesabu ya kupotea. Tatizo lake ni moja, inarefuka, ikishafika mita moja inakujaa mapajani na haibebeki tena kirahisi.

Mzula unakula nafasi ndogo. Unaingia kwenye pochi na bado simu na kanga vinaingia. Kwa hiyo mzula ndo kazi ya safari, ya foleni ya hospitali, ya kusubiri basi la Makambako lijaze. Ukiwa unafumwa kwa sindano ya duara, ile yenye ncha mbili zilizounganishwa kwa waya, ni bora zaidi maana haidondoki sindano moja chini ya siti ukaanza kuwaomba abiria wanyanyue miguu.

Shali ya matundu inakula macho na akili. Hiyo ifume mchana, karibu na dirisha, watoto wakiwa shule. Mtu akiingia na stori ndefu weka chini, mpe chai, chukua skafu.

Kitu kingine watu wanakisahau ni rangi. Nyeusi na bluu ya kiza hazifumiki usiku, hasa umeme ukikatika ukabaki na tochi ya simu, kitanzi kikidondoka hukioni mpaka asubuhi. Na wateja wa mizula nyeusi hawaishi, vijana wa bodaboda wote wanataka nyeusi na nusu yao wanataka ile ya kininja ya kuziba mpaka pua. Kwa hiyo unapopanga, hakikisha katika kazi zako za jioni kuna moja ya rangi nyepesi, maziwa, njano, kijivu, yoyote inayoonekana.

Kipimo changu ni hiki: skafu moja, shali moja, mizula mingi kadiri ya sindano zako. Shali mbili za matundu kwa wakati mmoja hapana, hata mteja akulilie. Zina hesabu zinazofanana, nusu nusu, na kichwa kitabeba mstari wa hii kitapeleka kwenye ile. Ukipata oda mbili za shali moja iwe ya wazi na nyingine ya matundu, au mmoja umwambie tarehe ya mbele uone kama atakubali. Wengi wanakubali ukiwaambia mapema, wanachokataa ni kudanganywa.

Mizula yenyewe naipeleka kwa mafungu. Ukiwa na mizula mitatu ya watu wazima ya uzi ule wa kawaida wa kati, usimalize mmoja ndo uanze mwingine. Fuma ribu zote tatu kwanza, ule ukingo wa chini unaovutika, mbili mbele mbili nyuma, kwa sindano za milimita 3.75, kila ukimaliza moja vitanzi vyake vihamishie kwenye kipande cha uzi imara ufunge. Afu badilisha sindano uende 4, panda kuta zote tatu mpaka sentimita 16 hivi toka chini. Kupunguza juu fanya yote mchana mmoja, maana ile hesabu ya kumi na mbili unganisha mbili, kumi na moja unganisha mbili, kumi unganisha mbili, ikishaingia kichwani inatiririka, mzula wa tatu unaufuma hata hujaangalia karatasi. Hii inafanya kazi vizuri zaidi ukianza na vitanzi 112, vinagawanyika kwa 4 kwa ajili ya ribu na vinagawanyika kwa 8 kwa ajili ya kupunguza, unapata vipande nane vya vitanzi 14 kila kimoja. Kichwa cha mtu mzima kiko kwenye sentimita 54 mpaka 58, na vitanzi 112 kwa uzi huo vinatoa kama 50 au 51, usiogope, mzula lazima uwe mdogo kuliko kichwa ndo ushike.

Sindano: hapa ndo watu wanapoharibikiwa

Kila kazi na sindano zake. Najua sindano ni hela, najua wengine wetu tumejifunzia kwa spoku za baiskeli na bado zipo ndani, ila ukianza kuhamisha sindano toka kazi moja kwenda nyingine umeshaanza kuharibu. Unaazima sindano ya skafu umalizie mzula, unarudi kwenye skafu wiki inayofuata unashika sindano iliyo karibu, inafanana tu kwa macho, kumbe ni nyembamba kidogo, na skafu inaanza kubana katikati utadhani imevaa mkanda. Mteja hatajua sababu lakini ataona.

Na namba za sindano zina mtego wake. Sindano za zamani za Kiingereza, zile alizotuachia bibi au tulizofundishiwa na masista, namba ikiwa kubwa sindano ni nyembamba: namba 8 ni milimita 4, namba 6 ni milimita 5, namba 10 ni milimita 3.25. Za Kimarekani zinaenda kinyume, namba 8 ndo milimita 5 na namba 6 ndo milimita 4. Umeona mchezo? Zile mbili zimegeuziana kabisa, na dukani zote zinakaa kwenye kopo moja. Kwa hiyo achana na namba, tumia milimita peke yake, na ukipata patani mtandaoni angalia milimita kwanza kabla hujaangalia kitu kingine.

Kama sindano haina maandishi, tengeneza kipimo chako mwenyewe. Chukua kadi ngumu, kifuniko cha boksi la viatu kinatosha, toboa kwa sindano ambazo una uhakika nazo, andika milimita pembeni ya kila tundu, sindano usiyoijua ipitishe uone inaenea wapi bila kulegea. Ikishajulikana ipake rangi ya kucha kwenye kichwa, nyekundu ni 4, kijani ni 5, chagua mwenyewe rangi zako ila usizibadilishe. Spoku ya baiskeli kwa kawaida ni milimita 2 tu, inafaa kofia za watoto wachanga na vitu vya kubana, usiitegemee kwa shali.

Halafu usibadilishe aina ya sindano katikati ya kazi hata kama milimita ni zile zile. Chuma kinateleza, vitanzi vinatoka vimelegea, mianzi na plastiki zinashika, vinatoka vimebana. Ukianza na chuma maliza na chuma.

Ikitokea kweli huna namna, lazima utoe sindano kwenye kazi moja, vitanzi vyote vivushe kwenye uzi laini wa rangi nyingine kwa kutumia sindano butu ya kushonea, funga ncha mbili, na hapo hapo andika milimita zilizokuwa zinatumika. Usiseme nitakumbuka.

Kroshia ni habari nyingine, na ndo sababu mi kazi ya nne nikiichukua huwa ni ya kroshia. Kule kitanzi kilicho hai ni kimoja tu, unakibana na pini ya nepi unaondoka, haidondoki wala haihitaji kulala na kijiti chake.

Mifuko na karatasi

Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwezi wa sita 2019 sote tuna ile mifuko mbadala mingi ndani kuliko vyombo. Hiyo ndo mali yako. Kila kazi mfuko wake, rangi tofauti, na usitoe kitu kwenye mfuko wa kazi moja kupeleka kwa mwenzake, hata mkasi, nunua mikasi midogo miwili mambo yaishe. Donge la uzi liweke ndani ya kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko ulichotoboa, uzi unatoka kwa juu, haubingiriki chini ya kochi wala haujiviringi na donge la kazi nyingine.

Mifuko itundike ukutani kwa msumari, juu, panya na watoto wasifike, na mbali na jiko la mkaa. Uzi mwingi tunaonunua huku ni akriliki, cheche moja tu inayeyuka inaacha tundu gumu jeusi, na hata bila cheche moshi unakaa humo mpaka mteja anakuuliza kama umefumia jikoni.

Ndani ya kila mfuko weka karatasi ngumu. Hii karatasi ndo inayofanya kazi nyingi ziwezekane, mengine yote ni mapambo. Andika jina la kazi, milimita za sindano, rangi na namba ya loti ya uzi (loti ni uzi uliotiwa rangi kwa mkupuo mmoja), idadi ya vitanzi, umeishia wapi na, hili ndo kubwa, unaporudi unaanza na nini. Karatasi ya shali iliyo ukutani kwangu inasema hivi: Shali ya send-off, sindano mm 5, uzi maziwa, nimemaliza mstari wa 64 upande wa nyuma, vitanzi 133, nikirudi mstari wa 65 upande wa mbele, ua linaanza upya mstari wa kwanza. Basi. Hata nikiiacha mpaka Jumapili nikirudi sina swali.

Shali ya pembetatu inayoanzia juu shingoni ina uzuri mmoja, inajikagua yenyewe. Ukianza na vitanzi 5 na ukaongeza 4 kila baada ya mistari miwili, chukua namba ya mstari ulioishia upande wa nyuma zidisha mara mbili jumlisha 5, jibu lazima lilingane na vitanzi vilivyo kwenye sindano. Mstari wa 64 unatoa 133. Ukihesabu ukapata 131 kuna mahali umesahau kuongeza, tafuta kabla hujaendelea, usijidanganye kwamba itajipa mbele.

Kuhesabu mistari watu wengine wanatumia maharage kwenye kikombe, wengine vijiti kwenye daftari, mi natumia ile tasbihi ya kidole ya kubonyeza, zinauzwa nje ya misikiti na madukani, unavaa kidoleni unabonyeza kila mstari. Shida yake inabeba namba moja tu. Kabla hujahama kazi andika namba kwenye karatasi ndo uirudishe sifuri, au nunua mbili.

Usiache kazi katikati ya mstari. Kwenye mzula acha pale kwenye alama ya mwanzo wa raundi, kwenye skafu mwisho wa mstari, kwenye shali acha baada ya mstari wa nyuma ule usio na ua, ili ukirudi unaanza ua ukiwa na akili mpya. Na kwenye shali ya matundu kila baada ya ua kukamilika pitisha uzi wa kuokolea, uzi mwembamba wa cherehani wa rangi nyingine, ndani ya vitanzi vyote, unauacha humo humo unaendelea kufuma. Ukikosea mbele unafumua mpaka kwenye huo uzi tu, vitanzi vinakaa vimesimama vinakusubiri, hufumui mpaka shingoni. Uzi wa kuokolea mmoja haugharimu kitu na unaokoa wiki nzima. Ila usiupitishe kwenye vile viduara vya alama, navyo vitafungwa humo humo.

Picha pia. Simu ipo mkononi muda wote, kabla hujafunga mfuko piga picha kazi ikiwa pamoja na karatasi yake. Mteja akikuuliza imefikia wapi unamtumia hiyo hiyo.

Muda: skafu inakula kuliko unavyodhani

Hili nataka tulifanyie hesabu kabisa maana ndo linalovuruga tarehe za watu. Jipime dakika moja unafuma vitanzi vingapi, bila kukimbia. Tuseme 25.

Mzula wa vitanzi 112, ukuta wa sentimita 16 ni kama raundi 46, na kule juu kwa kupunguza raundi kama 20 zinazoenda zikipungua, jumla inakuja kama vitanzi 6,300 hivi. Gawa kwa 25, ni masaa manne na robo.

Skafu sasa. Upana sentimita 20 ni vitanzi 44. Unaona vichache unasema hii kidogo. Urefu sentimita 180, na ufumaji wa mbele mbele unakaa mistari kama 40 kila sentimita 10, kwa hiyo mistari 720, mara 44 ni vitanzi 31,680. Masaa ishirini na moja! Yaani skafu moja ni mizula mitano, na mteja anadhani skafu ndo rahisi kwa kuwa imenyooka, anataka ailipie kama mzula na robo. Muonyeshe hesabu. Au mpe skafu ya sentimita 150 kwa uzi mnene na sindano za 6, vitanzi vinapungua sana, na ikija kwenye joto hatalalamika.

Shali ya pembetatu inayofika vitanzi 401 inakula kama 40,000, sawa na masaa 26 au 27 hivi kama hakuna matundu, ya matundu ongeza. Na ina uongo wake: ukifika vitanzi 200 unaona umefika nusu, kwa kina ni nusu kweli, lakini kwa kazi na kwa uzi uko robo tu, maana mistari inazidi kurefuka. Mistari ya mwanzo unaimaliza dakika moja moja, ya mwisho mmoja unachukua robo saa. Kwa hiyo usigawanye siku zako kwa mistari, gawanya kwa vitanzi, na usimwambie mwenye send-off kwamba uko nusu kwa kuwa inaonekana kubwa mezani.

Ukishajua masaa ya kila kazi, angalia una masaa mangapi ya kweli kwa siku. Ya kweli, toa kupika, toa shamba, toa kanisani na misiba. Kwa wengi ni matatu. Hapo utaona mwenyewe kama oda ya sita inaingia au haiingii.

Kuzungusha kazi bila kuzitelekeza

Mi sifuati ratiba ya Jumatatu hii Jumanne ile, maisha ya huku hayaendi hivyo. Nafuata mahali na mwanga. Mchana nikiwa ndani, shali. Nikitoka, mzula. Jioni, skafu. Kazi inajichagua yenyewe na kila moja inasogea kila siku hata kama ni mistari miwili. Kazi isiyoguswa wiki nzima inaanza kuwa deni, unaipita ukutani unageuza uso.

Siku tarehe ikikaribia huo mpango unauvunja, unashika yenye tarehe unaikalia. Na kazi yoyote iliyobakiza kidogo, ribu ya mwisho au kufunga, imalizie kabla hujagusa nyingine, kwa sababu mizula mitatu iliyobaki kufungwa juu hailipwi, na sindano zake zimekamatwa. Mpya isianze mpaka moja ifungwe. Kichanga kikizaliwa familia ya karibu hapo sheria inalala, kofia ya kichanga ni jioni moja tu, fuma umpelekee.

Ukihama toka sindano nene kwenda nyembamba mikono inachelewa kuhama, mistari ya kwanza inatoka imelegea. Kwenye skafu haionekani, kwenye ua la shali inaonekana sana. Ndo maana ukitoka kwenye skafu ya sindano 6 usiende moja kwa moja kwenye shali, pita kwanza kwenye mzula mistari michache, au fuma kipande cha mazoezi cha vitanzi kumi na tano halafu ukifumue. Ubishi pia unaingia kwenye kitambaa, ukifuma umekasirika unabana, niamini. Siku hiyo shika skafu.

Na faida ya kuzungusha ni hii ya viganja. Kazi nzito kama shali iliyokomaa inavuta kifundo cha mkono, mzula ni mwepesi. Kidole gumba kikianza kuuma badilisha kazi, kikiendelea kuuma weka zote chini ukapalilie.

Uzi na hela

Nunua uzi wote wa kazi moja siku moja, duka moja, loti moja. Lebo ya donge ina namba ya loti, rangi inaweza kuwa na jina lile lile na loti tofauti, dukani huoni, ukifuma kwenye skafu unaona mstari kabisa pale ulipounganisha. Mimi kwa kukadiria, uzi wa kati wa akriliki, mzula unakula gramu 60 mpaka 80, skafu ndefu kati ya 200 na 250, shali kubwa 300 na kuendelea. Ongeza donge moja la akiba kwenye shali kila mara, lililobaki litakuwa mzula wa mtoto.

Ukiwa na kazi mbili za rangi moja usizilishe toka kwenye donge moja. Gawa mapema kwa mzani mdogo wa jikoni, kila moja iende mfukoni mwake, vinginevyo utagundua mwishoni kwamba mzula umekula mwisho wa skafu. Mwisho ukikaribia pima kwa macho: mstari mmoja unahitaji uzi kama mara tatu ya upana wa kitambaa, kufunga weka mara nne. Shali yenye upana wa mita moja na nusu inataka mita sita za kufungia, ukibaki na nne ushachelewa, rudi mstari mmoja.

Advansi ichukue inayotosha uzi wote, na hela ya uzi wa mtu isinunue uzi wa mwingine. Ukishaanza kufungua hela ya skafu kununulia uzi wa shali basi hata mifuko ya rangi tofauti haitakusaidia.

Mwisho wa kazi

Ncha za uzi usiziache zijae. Kila ukiunganisha donge ficha ncha siku hiyo hiyo au mstari ule ule, kwa sababu mizula sita yenye ncha kumi na nane siku ya Ijumaa usiku ni adhabu. Kisha loweka, kamua kwa taulo bila kusokota, tandaza.

Akriliki inakauka haraka, hata ukiianika ndani. Shali ya sufu ya kweli ndo ya kupangia muda, maana lazima uiloweke, uivute na kuibana kwa pini juu ya godoro mpaka ua lifunguke, iachwe hapo hapo ikauke yenyewe, na mwezi wa saba jua la huku linachungulia tu linaondoka. Akriliki usihangaike kuivuta kwa maji, ikikauka inarudi ilivyokuwa, inataka mvuke wa pasi kwa mbali bila kuigusa, ukiigusa imeyeyuka na shali ndo imekwisha. Kwa hiyo ya sufu ifunge siku tatu nne kabla mwenyewe hajaja kuichukua, chagua godoro ambalo halilaliwi, na paka mfungie nje.